Nani Angekuja Kunitoa kwa Mama Faida

Mama yangu,

Nimeolewa. Ningependa kukuambia hivi tukiwa kitandani kwako, miguu yangu juu ya yako, lakini itabidi usome tu. Ni Amani, yule kijana uliyesema anacheka sana. Bado anacheka sana, Mama. Asubuhi ananichemshia chai kabla sijaamka, halafu anasimama mlangoni akiniangalia kama mtu ambaye bado haamini. Nami najifanya nimelala ili aendelee kuniangalia.

Ila kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu. Nimeacha kazi kwa Mama Faida.

Usishtuke. Siku ya harusi, wakati wa zawadi, mshereheshaji alishika mikrofoni akatangaza: "Bwana harusi anapatia bibi yake mashini mupya ya kushona. Atelie yake iko tayari kule Keshero." Amani alikuwa amenificha yote. Nililia kwa furaha, hata poda ikaharibika. Kisha nikainua macho, nikamwona Mama Faida kwenye meza ya mbele, amevaa kitenge cha familia alichokishona mwenyewe. Alikuwa ameacha kula. Rafiki yako, aliyenifundisha tangu kushika mkasi, alikuwa anasikia pamoja na watu wote kwamba ninamwacha.

Mimi pia nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Lakini nani angeamini?

Jumatatu nilienda mapema kwenye atelie ya Mama Faida, kule Murara. Amani alitaka kunisindikiza, nikamkatalia. Nilikuwa na barua ya kuacha kazi, nimeiandika kwa Kifaransa cha shule, lakini nilianza kwa mdomo. Nikamweleza yote yalivyokuwa. Nikamwambia sitaondoka kabla yunifomu za wanafunzi hazijaisha, nitamfundisha kushona kola yule atakayeshika nafasi yangu, na wateja wa atelie yake watabaki wake.

Hakuinua kichwa. "Sawa, Madame Patron," akasema.

Wenzangu wakacheka. Tangu hapo hilo la bosi likawa jina langu. Madame Patron, leta uzi. Madame Patron, pasi imepoa, ama kwako banapasi na baridi?

Nilivumilia, Mama. Unajua mimi si mvumilivu. Yunifomu zilipoisha, tukabaki mimi na Mama Faida tu, nikamuuliza kosa langu hasa ni lipi. Akasimamisha mashine.

"Mama yako njo alikuleta hapa, na kuku yake kwa mukono," akasema. "Mwenye alileta mutoto njo anakuyaga kumutoa. Sasa weye, nitakurudisha kwa nani?"

Nilikuwa nimefikiria kila kitu, hata namna ya kusaini barua. Sikufikiria kwamba mzazi aliyempeleka mtoto kujifunza ushonaji hurudi siku ya mwisho na kreti ya soda, kumshukuru fundi na kumchukua mtoto wake. Sikufikiria kwamba wewe hutakuja. Nilidhani nimemaliza kukulilia siku tulipokuzika. Kumbe.

Tulilia wote wawili, mpaka akaninyang'anya shati nililojifutia. "Toa machozi kwa nguo ya mutu, nimetoka kuipasi."

Siku yangu ya mwisho nilileta kreti mwenyewe, Amani akiwa ameibeba. Mama Faida alikuwa amefunga mlango kwa wateja na kuvaa kitenge chake cha misa. Akapanga viti viwili, vinaangaliana. Akakaa kwanza kwenye kile cha wageni.

"Nimekuja kumuchukua mutoto wangu," akasema. "Asante ya kumulea."

Halafu akainuka, akazunguka, akakaa kwenye kile cha karibu na mashine, akajibu: "Mama Kahindo, mutoto wako ni huyu. Hakuniibia, hakunitukana. Ana kichwa nguvu sawa weye. Muchukue."

Hakuna aliyecheka, hata Amani.

Barua yangu aliisoma baada ya soda, polepole, akaikunja vizuri. Akaniita Kahindo.

Sasa nakuandikia nikiwa Keshero, mbele ya mashine yangu, na upepo wa ziwa unainua kitambaa ninachokata. Jana alikuja mama mmoja wa mtaa huu na kitenge chake. Amesema Mama Faida ndiye aliyemtuma, eti Murara ni mbali kwake.

Nakuacha upumzike, Mama yangu mpenzi. Ulikuja kunitoa, na ulinitoa vizuri. Nakuahidi hivi: msichana atakayekuja kujifunza kwangu bila mzazi wa kurudi kumchukua, siku yake ya kuondoka nitavaa kitenge cha misa, nipange viti viwili, na nikae kwanza kwenye kile cha mama yake.

Mtoto wako,
Kahindo