Tumechukua Kwao, Kwetu Hatutoi

Al-Khudh,
Maskati, Omani.
25 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu Khawla,

Assalaam alaykum warahmatullah. Vipi hali yako, na goti lako je, limepoa au bado linakuamsha? Shemegi Thani hajambo? Na wajukuu hapo Chake? Sisi huku wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri, na joto limetuachia, sasa tunaweza kukaa uani magharibi. Ama wazima wa roho, hapana. Ndiyo maana nnakuandikia badala ya kukupigia. Nyumba hii ukisema na simu kila mtu anasikia, na haya si ya kusikiwa. Barua nampa Sleiman anayekuja huko, atakutia mkononi.

Wacha nianze na la furaha. Noof ameletewa posa! Binti yangu huyu uliyembeba, tena na mtu anayemtaka mwenyewe: Zuhaib, daktari wa meno, kaka yake Mehrin. Mehrin unamjua, mke wa Talal wangu, yule Mpakistani wetu. Wamezoeana humu humu ndani, kijana akija kumtazama dada yake. Ana adabu, anaswali, ana kazi yake. Mie niliporidhika nikasema khalas, mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Tangu baba yao alipofariki, walii wa Noof ni kaka yake, Talal. Bila ya yeye hakuna ndoa. Wala sikuwa na wasiwasi, maana Talal ndiye mtu wa mwisho wa kukataa. Si yeye aliyemwona Mehrin kazini kule Rusayl, akatung'ang'ania mwaka mzima, namtaka, namtaka, mpaka tukaenda kumposa? Na wale watu wakatupa binti yao wa pekee bila ya maneno.

Basi Ijumaa wakaja wazee wa Zuhaib, baba na mama, na sinia la mithai, vitamutamu vya kwao. Tumekula, kahawa imemiminwa, mzee akaleta maneno yake kwa heshima. Talal hata kikombe hakukiweka chini. Akasema, "Hapana. Noof hatumtoi." Bas! Bila ya sababu, bila ya samahani. Da Khawla, wallahi nilipigwa na bumbuwazi. Mtu kakaa na baba mkwe wake, kala naye sahani moja, anamjibu kama anamfukuza muuza samaki mlangoni!

Noof akainuka pale pale akasema neno lao la Kiingereza, "unfair." Unalijua, watoto wa huku wanalo mdomoni tangu chekechea. Umemnyima simu, unfair. Kaka kapewa paja la kuku na yeye bawa, unfair. Mie huwa halinishtui tena. Siku ile lilinishtua.

Mama akauliza maana yake nini. Nikamwambia, ni kusema si haki, umependelea. Akasema, yaani dhulma? Nikamwambia hapana mama, dhulma ni nzito, ni ya mtu kula mali ya yatima. Hili ni la watu wawili waliokaa sawasawa, mmoja akapewa, mwengine akanyimwa. Hapo mama yake Mehrin, ambaye Kiswahili hakijui lakini lile la Kiingereza lilimfika, akasema polepole kwa Kiurdu, "naa-insafi." Mehrin akatufasiria: insafi ni insafu ile ile ya Kiarabu, yaani haki, na hiyo naa ya mbele inaikataa. Na jambo likizidi, akasema, kwao huitwa "zulm."

Mama akamtazama mjukuu wake Talal. "Hilo halitaki kufasiriwa," alisema.

Wageni wakaondoka, mithai yao haijaguswa. Nikamvuta Talal jikoni nikampasha, usiniulize nilivyompasha! Huoni haya wewe? Kwao tumechukua, kwetu hatutoi? Binti yao ana thamani gani, na wetu ana gani? Umesahau tulivyorudi hapa na babu yako kutoka Unguja, majirani wakituita Wazinjibari, wengine hawataki hata kutuoza? Leo wewe ndiye unayewafanyia wenzio yale yale?

Akaniacha nimalize. Kisha akanambia, "Mama, mke wa kutoka nje anavyokaa kwenye nyumba ya watu mimi nnajua, maana nimemleta mmoja hapa. Dada yangu simpeleki akakae hivyo."

Dada, nikamuuliza. Hivyo vipi? Nani kamtesa? Akaanza kunitajia. Kwamba tukikaa kula tunasema Kiswahili mwanzo mwisho, na Mehrin yupo anatazama sahani, tukicheka hakuna wa kumwambia tumecheka nini. Kwamba akipika tunasema kali, tunampelekea mtumishi. Kwamba kila Idi tunapiga picha ya familia, na anayeshika simu ni Mehrin. Miaka yote hii hakuna hata picha moja ambayo yumo. Nikasema, lakini si yeye ndiye anayejua kupiga! Na pilipili zake kweli kali, mama ana vidonda vya tumbo! Na Kiswahili, nani kamkataza kujifunza? Talal hata hakubishana na mie. Akasema, "Siku Mehrin atakaponambia anakaa vizuri hapa, siku hiyo hiyo Noof namuozesha."

Ah, nikasema, hilo tu? Nikamwita. Alikuwa anakusanya vikombe walivyonywea wazee wake. Nikamuuliza kwa Kiarabu, asije akasema hakufahamu: Mehrin mwanangu, kaka yako anangoja, Noof analia chumbani, mumeo huyu hapa. Mwambie. Unakaa vizuri kwetu au hukai?

Ndiyo moja tu, dada, na kaka yake angepata mke. Alifungua mdomo. Akamtazama Talal, akanitazama mie, akaufunga. Akachukua vikombe vyake akenda kuviosha.

Mpaka leo nnapoandika mambo yako hapo hapo. Noof hali, Zuhaib kaacha kuja, na mama yao nikimpigia hapokei. Na mie nnazunguka humu ndani nikijitetea peke yangu. Wewe ulikaa nasi Ramadhani nzima. Ulikula nasi, ulituona. Nijibu kweli, Da Khawla, usinipambe na usinihurumie: uliyaona haya? Na kama uliyaona, mbona hukunambia?

Nisalimie shemegi Thani, wajukuu wote, na Bi Balqees jirani yako. Mama anakuombea dua kila baada ya swala, na Mungu akulinde na kila ubaya, akupe afya na goti la kukuleta tena Maskati. Talal na Noof wanakusalimu, kila mmoja chumbani kwake. Na Mehrin anakusalimu. Siku zote salamu zake nnaziandika mwenyewe tu, lakini leo nimemwendea kumuuliza, akasema nikufikishie.

Mie nduguyo nikupendaye sana,
Nasriya