Klachi ya Josefu, Kitanda cha Rasoa

Jumapili, 1 Mei 1983

Wewe mwanamke, umepotelea wapi? Tangu Pasaka hujafungua daftari hili. Mwalimu wa ngumbaru alikwambia mkono usioandika husahau, ukaitikia kama mtoto mzuri, kisha ukalitupa juu ya kabati. Hakuna wa kulisoma ila wewe, kwa hiyo aibu ni yako peke yako. Kaa chini uandike.

Nimetoka kanisani, nimepukuchua mahindi, nimeyaanika uani. Kabla sijamaliza akaja mtu kutoka nyumbani Maragoli. Dada yangu Rasoa ameanguka. Upande mmoja wa mwili umekufa. Anaongea, lakini hawezi kukaa. Anauliza nitakuja lini.

Nimeamua. Mwanangu Josefu atatia godoro nyuma ya Landrova yake, twende tumchukue, nimtunze hapa Kariobangi, Nairobi. Tunaondoka kesho alfajiri.

Jumatatu, 2 Mei

Hatukwenda. Josefu akikanyaga mafuta, injini inanguruma kama fahali, gari lenyewe linatambaa. Harufu ya kuungua, kama kitambaa kilichosahaulika chini ya pasi ya makaa. Tulifika kona ya soko tu, tukarudishwa kwa kusukumwa. Mwenye mkokoteni akasema, "Mama, hata punda wangu amewacheka." Nikamwambia acheke leo, kesho ndiye atakayelivuta.

Josefu anasema mafuta ya klachi yamepungua kwenye kikopo chake. Akaongeza. Akapiga pedali mpaka goti likauma. Hali ni ileile.

Agneta, mke wa Josefu, akaniambia nitangulie kwa basi la jioni, wao wanifuate gari likipona. Nikamwambia hana adabu. Adabu anayo. Lakini miaka yote nimemwambia Rasoa: nitakuja na gari la mwanangu, lisimame mlangoni pako, waone wale waliotucheka tulipobaki yatima. Mtu akishasema hivyo, atashukaje kwenye basi na kikapu kichwani?

Jumanne, 3 Mei

Amekuja fundi Njoroge kutoka kule kwenye karakana za jua kali. Hakufungua kitu. Alivuta breki ya mkono, akawasha injini, akatia gia ya tatu, akaachia klachi polepole. Injini ilipaswa kuzimika. Haikuzimika. Ililia tu.

"Klachi inateleza," akasema. "Pedali mnaisingizia. Giaboksi itoke."

Nikamuuliza itachukua muda gani.

"Mama Josefu, usinikimbize. Huyu si kuku wa Krismasi."

Viti vimetoka, sakafu ya gari imetoka. Nimeshinda uani juu ya kiti cha dereva nikipukuchua mahindi. Kiti laini, moyo hapana.

Agneta hakutaja tena basi. Nilitaka alitaje.

Jumatano, 4 Mei

Giaboksi imetoka. Majirani waliisaidia kushuka, nzito kama ng'ombe aliyekataa kwenda. Bamba la klachi limelowa mafuta ya injini, linang'aa kama sinia ya chapati. Njoroge akalala tena chini, akachokora kwa bisibisi, akatoka na gunzi la muhindi.

Lilikuwa limegongomewa kwenye tundu dogo chini ya nyumba ya klachi. Tundu hilo limewekwa makusudi. Mafuta yakivuja kutoka kwenye injini yadondoke chini, yasijae humo ndani.

"Hili gari lilikuwa na choo," Njoroge akasema. "Mmekiziba. Nani huyo?"

Josefu akatazama viatu vyake. Nikajua.

Wakati wa Pasaka tulikuwa na wageni, wazazi wa Agneta. Mbele yao nilisema gari la Josefu linakojolea mahindi yangu, na nisione tone lingine. Hakubishana. Alikata gunzi, akalala chini na nguo zake za kanisani, akagonga. Kwetu mtoto hamjibu mama yake mbele ya wakwe. Nilimlea hivyo kwa fimbo, nikajisifu.

"Ni mimi," nikasema.

"Basi spana ni zako kuosha, Mama."

Nikaziosha. Petroli imenichoma vidole. Hakuna aliyenionea huruma, na sikustahili.

Alhamisi, 5 Mei

Kuosha bamba hakutoshi. Mafuta yameingia ndani ya kitambaa chake, likipata moto litateleza tena. Njoroge amelipeleka kwa mwenzake anayebandua kitambaa cha zamani na kupigilia kipya kwa riveti. Halijarudi. Mvua imenyesha kutwa.

Nilifunga kikapu cha basi. Nikakifungua. Nikamwambia Agneta natafuta leso tu. Akaniambia, "Sawa, Mama." Sauti yake ilikuwa ya huruma. Ilinikera.

Nina hofu. Nina kiburi. Leo kiburi kimeshinda.

Ijumaa, 6 Mei

Bamba limerudi. Njoroge alichonga mti mfupi, akaupitisha katikati yake ili likae sawasawa, kwa sababu likikaa upande giaboksi haiingii. Hata hivyo ilikataa. Akaitukana kwa Kikuyu, ikakataa tena. Josefu akaitukana kwa Kimaragoli, ikaingia. Njoroge akasema ilikuwa inangoja mwenyewe.

Akarudia kipimo chake. Breki, gia ya tatu, klachi. Injini ikazimika. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa injini kuzimika.

Bado inavuja kidogo. Njoroge anasema tundu libaki wazi, gari livuje litakavyo. Nikampikia kuku. Alimaliza hata shingo.

Kesho alfajiri.

Jumapili, 8 Mei. Maragoli

Tulifika jana. Landrova ilipanda mlima kwenye tope bila kusita, ikasimama mlangoni pa Rasoa kama nilivyosema miaka yote. Watu walitoka kutazama. Sikumbuki uso wa hata mmoja.

Rasoa yu hai. Macho yako wazi. Ulimi umekufa.

Binti yake, Fanisi, alinishika mkono nje ya mlango. "Mama mdogo, alikuwa akikuita mpaka Jumatano jioni. Ana neno lako. Sisi alikataa kutuambia. Alisema ni la Edina, atakuja tu."

Jumatano. Basi la Jumatatu lingenifikisha hapa Jumanne asubuhi.

Daktari wa zahanati amesema asisafirishwe. Godoro bado liko nyuma ya gari. Josefu alinifuata kwenye migomba akaomba msamaha kwa ajili ya lile gunzi. Mtu mzima, analia. Nikamwambia aache. Gunzi halikunizuia kupanda basi.

Leo nimemlisha dada uji kwa kijiko. Nimemfuta kidevu. Mkono wake mzima unashika bado, unashika kwa nguvu. Nimemuuliza neno lenyewe ni lipi. Amenitazama sana. Nimemwambia basi, pumzika, nitakaa.

Josefu anarudi Nairobi kesho. Mimi nabaki.

Sikiliza, Edina. Ukifungua daftari hili tena, usianze na habari za gari. Andika kwanza kama Rasoa amekula. Na ukiitwa na mtu mwingine kabla ya hapo, panda kile kinachoondoka kwanza. Utakuja kuandika ukishafika.