Stika Mpya kwenye Helmeti Nyeupe

Jumamosi, 12 Agosti

Kadi zimefika kutoka kwa mchapaji. Nimekaa nazo mezani tangu asubuhi nazikunja. Jina, tarehe ya kuzaliwa, dawa unazotumia, dawa zinazokudhuru, mtu wa kupigiwa simu. Kadi inaingia kwenye kimfuko cha plastiki ndani ya helmeti, upande wa kushoto, halafu juu yake stika nyekundu. Daktari akimkuta mtu kalala barabarani hajitambui, anachana stika, anasoma. Kazi ndogo. Mwaka wa kumi na tisa huu naifanya, na waendesha pikipiki wote wananiita Bi Kadi.

Baba alipoanguka hakuwa na kadi. Alilala hospitalini kwa muda wa saa tatu bila jina, mpaka mama alipozitambua buti zake.

Nusu ya hizi zitabaki, najua. Wakongwe hawataki mpya. Kadi ambayo haijawahi kufunguliwa ina bahati, wanasema, na ukiigusa wiki ya mbio umeita balaa. Kwa hiyo hapa kisiwani tunatazama tu kama stika ni nzima, tunabandika alama ya mwaka pembeni, tunampitisha mtu. Daktari Cannell, mkuu wa madaktari wa mbio, hapendi kabisa. Kila mwaka ananiambia nizifungue zote. Kila mwaka namwambia sawa.

Jumapili, 13 Agosti

Nilikwenda kwa Illiam mchana kumpelekea mkate wa mama. Mdogo wangu huyo ana miaka thelathini na sita na bado anapelekewa mkate. Alikuwa gereji na Orry, fundi wake. Nikaingia jikoni kuchemsha maji, nikafungua kopo la chai.

Chini ya chai — vidonge. Ishirini na mbili. Mimi nafanya kazi duka la dawa, sikuhitaji kusoma maelezo. Dawa ya kuzuia damu kuganda. Kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Nikamwita. Kumbe alipoanguka ng'ambo mwezi wa sita na kukaa wiki tatu kanyoosha mguu, damu iliganda pajani. Hakumwambia mama wala mimi. Anayetumia dawa hii haruhusiwi kushindana. Akipasuka ndani, damu haisimami.

"Naacha leo, dada. Cha asubuhi ndicho cha mwisho. Ikifika Jumamosi imeshanitoka mwilini, nikimaliza mbio naanza tena."

Nikamwambia kuacha nako kuna hatari yake.

"Basi nenda kamwambie Cannell. Ila ukitoka kwake usipite hapa, huna mdogo."

Ameshatangaza kwamba hizi ni mbio zake za mwisho. Namba 41, namba ya baba. Sijui kama nimekubali au nimenyamaza tu.

Nilipokuwa natoka, Orry alikuwa anapiga miluzi kuondoa balaa. Kakuta mkia mrefu, yule mwizi wa ghalani, kwenye sanduku la spana. (Hata humu siliandiki jina la mnyama huyo. Hapa kwetu halitajwi.) Illiam alimcheka, halafu akapiga mluzi naye.

Jumatatu, 14 Agosti

Ukaguzi. Meza yangu ilikuwa ya mwisho, baada ya breki na matairi. Watu walikuwa na utani mwingi. Mmoja akauliza kama kadi yake inaweza kusema mtu wa kupigiwa simu ni mkopeshaji wake.

Illiam akaja na helmeti zake mbili, nyeupe ya mbio na ya njano ya akiba. Zote zina kadi za mwaka juzi, mwandiko wangu. Dawa: hakuna. Akapitisha kidole gumba juu ya stika mara tatu, anavyofanya siku zote kabla ya kuvaa, akanitazama usoni.

"Nzima, Bi Kadi?"

Nikasema nzima. Nikabandika alama ya mwaka kwenye nyeupe, kisha kwenye ya njano. Zimekaa sawasawa bila kupinda, na hilo ndilo linalonichukiza.

Jumatano, 16 Agosti

Ukungu. Mazoezi hayakufanyika. Helikopta ya wagonjwa isiporuka hakuna anayewasha pikipiki. Watu wanalalamika kwenye mahema na kula chipsi na jibini. Mimi nimefurahi kimoyomoyo.

Alhamisi, 17 Agosti

Mazoezi yamefanyika. Illiam wa tatu kwa kasi. Mama kapiga simu kwa ndugu wote.

Alipovua koti nikaona mkono wake. Alama nyeusi kutoka kiwiko hadi karibu na kwapa, pana kama sahani. Nikauliza umeanguka wapi. Hakuanguka, akasema, mlango wa gari ulimgonga jana.

Mlango wa gari!

Siku nne bila dawa, halafu mlango unamwachia doa kama hilo. Nikamuuliza mbele ya Orry, kwa mafumbo, kama kweli ameacha.

"Nimeshakuambia nimeacha. Unataka niape kwa kaburi la nani?"

Orry hakuelewa. Akasema dada wa watu anakupenda, mjibu vizuri.

Ijumaa, 18 Agosti

Leo nilifika hadi mlangoni kwa Daktari Cannell. Alikuwa anakula samaki wa moshi juu ya makaratasi. Akasema, ndiyo Voirrey. Nikamwambia bandeji zimefika. Zilifika Jumanne.

Nimeona aibu, hata sasa naiona. Ila nilipokuwa narudi nikapata njia. Kadi haisomwi na mtu ila mwenyewe akilala chini. Basi nikiiandika kweli, na Illiam akamaliza salama, hakuna atakayejua. Akianguka, daktari atajua papo hapo. Siri yake inabaki, na roho yake pia.

Saa kumi jioni Illiam na Orry walikwenda kula. Nikaingia hemani kwao. Helmeti nyeupe ilikuwa juu ya tangi la pikipiki. Nikachana stika, nikatoa kadi ya zamani, nikaweka mpya. Jina la dawa kwa herufi kubwa. Nikabandika stika nyingine na alama ya mwaka. Nimeilinganisha na ya zamani, huwezi kuona tofauti.

Nimepata nafuu kidogo. Leo nitalala.

Jumamosi, 19 Agosti

Saa mbili asubuhi. Ukungu uko hadi kwenye ua wa kanisa. Ukiendelea, hakuna mbio. Uendelee tu.

Saa nne na robo. Umepanda. Wanatangaza mbio zipo.

Saa tisa alasiri, korido ya hospitali. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele.

Ilikuwa mzunguko wa tatu. Bendera nyekundu. Nilikuwa mezani kwangu, redio ya upepo iko pembeni. Namba 41, kona ya ukuta wa kinu. Amegonga ukuta kwa ubavu. Anapumua, hajibu. Helikopta inashuka.

Nilisimama wima. Nikajiambia kadi ipo, Voirrey, kadi ipo, watasoma. Kweli nikasikia sauti ya daktari wa helikopta: "Stika imechanwa. Nasoma. Dawa, hakuna. Vinavyomdhuru, hakuna. Tunampakia."

Nikafikiri amesoma vibaya. Herufi kubwa zile! Nikakimbia hemani kwa Orry. Helmeti nyeupe ilikuwa inaning'inia kwenye ndoano, kavu, kioo chake safi.

Orry alikuwa amekaa chini kwenye gurudumu. Nikamuuliza kwa nini ameiacha.

"Aliisugua ile stika kabla ya kuvaa, kama kawaida yake. Akasema ina kingo, imebandikwa juzi. Akasema hii imeshafunguliwa na mtu, siivai." Akanitazama. "Akachukua ya njano."

Ya njano. Niliyoipitisha mwenyewe Jumatatu bila kuifungua.

Nikamsimulia yote Orry tukiwa tunakimbia. Nikafika kwa Daktari Cannell na helmeti mkononi, nikachana stika mbele yake, nikampa kadi. Akachukua redio, lakini helikopta ilikuwa imeshafika hospitalini na watu wake wameshaingia ndani na mgonjwa, ikabidi apige simu ya hospitali, nayo ikaita, ikaita. Dakika kumi na nne tangu kadi isomwe hadi mtu alipopokea. Niliziangalia kwenye saa ya ukutani.

Mama yuko hapa. Amevaa viatu vya nyumbani. Ameniuliza mara mbili kama Illiam alikuwa anaumwa kitu, na mara mbili nimemwambia ngoja daktari aseme.

Daktari wa hapa ametoka, kijana, ana madoa kwenye mkono wa koti. Damu inavuja ndani, tumboni, na mkanda wa helikopta peke yake umemwachia alama nyeusi. Ameniwekea kadi mapajani, ile iliyotoka kwenye helmeti ya njano. Imekunjwa vizuri, safi. Dawa: hakuna. H yangu ina mkia kama zamani. Akauliza mwandiko huu ni wa nani. Nikasema wangu. Mama alikuwa anasikia.

Kuna dawa ya kuizima ile nyingine, amesema, lakini nayo ina hatari zake, haipigwi kwa kubahatisha. Anataka kujua kitu kimoja tu: kidonge cha mwisho kilimezwa lini.

Nimemtuma Orry nyumbani kwa Illiam. Jumapili mchana niliviacha ishirini na mbili. Vikiwa bado ishirini na mbili, Illiam alisema kweli, damu yake itajishika yenyewe. Vikiwa kumi, amemeza kila asubuhi na kila jioni, hadi leo alipoamka.

Simu iko juu ya benchi, sauti imefunguliwa. Orry amefika. Nasikia kabati, nasikia kifuniko cha kopo. Mama amenishika kiwiko. Daktari amesimama mlangoni na kalamu.

Anahesabu kwa sauti, polepole, kama mtoto. Saba. Nane. Tisa.

Kumi, amesema. Vimeisha.

Nimemwambia amwage chai yote, ahesabu tena.