Tezi za Shangazi Barwako

Kahaso weee! Niko nje ya kliniki, sina uso wa kurudi ndani!

Unajua shangazi Barwako alikatwa kipande cha utumbo kwa ile saratani. Leo tumefuata majibu. Daktari anatabasamu: "Mama, tulitoa pia tezi ishirini na mbili za karibu na utumbo. Tumezipima, zote safi."

Shangazi akakunja uso. "Zote safi?"

"Zote."

"Basi mbona mmezitoa? Nirudishieni!"

NIRUDISHIENI, Kahaso! Kama kanyang'anywa mbuzi! Foleni nzima mlangoni ikaangua kicheko.

Daktari wa watu akamweleza kwa upole: saratani ikianza kutembea, mara nyingi hupitia kwenye tezi hizo. Wangepima mbili tatu tu, wasingekuwa na uhakika. Sasa wamepima nyingi na hazina kitu, kwa hiyo matumaini ya kupona ni makubwa.

Machozi yakamtoka shangazi, akayafuta kwa ushungi. Kisha akaniomba simu, akampigia mumewe kule Garsen kwa sauti ya kuita ng'ombe:

"Sora! Kama umeshapeleka posa kwa watu wa Minjila, katengue! Mimi bado nipo!"