Mkwe Hanyang'anywi Mzigo

Jumamosi jioni. Tabora imefunga wingu tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Joto limeingia ndani na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi sijala kitu tangu nilipoamka.

Si malaria. Ni kesho.

Kesho mchana kuna mama mmoja wa Dar, mchapishaji wa michezo ya mezani, anapita hapa akielekea Kigoma. Ameahidi kufika kwangu Mtendeni aucheze mchezo wangu mara moja. Mara moja tu. Akiupenda, utachapishwa. Asipoupenda, nimeshajiapiza kwamba naachana na mambo haya, narudi Urambo kwenye tumbaku ya nyumbani. Tumbaku naijua vizuri, na ndiyo maana naogopa.

Mchezo wenyewe ni wa wapagazi wa zamani. Kila mchezaji anabeba mizigo yake kutoka Bagamoyo, anapita Tabora, anaelekea Ujiji: vitambaa, shanga, chumvi, majembe, yote vikadi vilivyochorwa. Anarusha dadu, anasogeza kifuniko chake cha soda kambi kwa kambi juu ya ubao. Akimkuta mwenzake kambini, anaruhusiwa kumnyang'anya mzigo mmoja. Hapo ndipo nilipoweka utamu wote, maana siku zote nimeamini kwamba mchezo bila uchokozi ni uji bila sukari.

Jana niliutandaza mkekani, nikaujaribu na watu wangu: mama yangu, aliyekuja kutusalimia kutoka Urambo, mume wangu Yusufu, na mdogo wangu Asha.

Ulikuwa msiba.

Yusufu alimkuta Mama kambini, akatazama mkeka, akapita. Mara ya pili akasema chumvi haihitaji. Nikamkonyeza, wapi. Kwani mtu mwenye adabu zake atamnyang'anyaje mama mkwe mzigo, na mkwe mwenyewe yuko mbele yake? Hata sahani moja hawali. Asha naye kila akitaka kugusa mzigo wangu ananiomba radhi kwanza. Mama akafika Ujiji na mizigo yake yote, akashinda, akapiga mwayo.

Nimetunga mchezo wa kunyang'anyana, nikauleta kwenye nyumba ya watu wanaopishana mlangoni kwa kukaribishana. Na mimi ni mtoto wa humo humo. Nilikuwa na akili gani?

Leo mchana tukajaribu tena. Yusufu alikuwa amejitoa kwa kisingizio cha kazi. Akaingia Mama Hadija, jirani yetu, Mzaramo aliyeolewa huku, amekuja kuazima ungo. Akaona mkeka, akakaa bila kukaribishwa. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi hizo hizo za misafara, kwa hiyo hakuomba ruhusa ya mtu. Alipomkuta Mama kambini alichukua majembe, akayafundika kwenye pindo la kanga.

"Mnyamwezi, kazi yako kubeba," akasema. "Kuuza tuachie wenyewe."

"Ukifa nitakuja kulikalia jeneza lako," Mama akamjibu. "Huzikwi mpaka majembe yangu yarudi."

Asha alianguka chali kwa kicheko. Mama alicheka mpaka mtandio ukamvuka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Baba afariki, na mimi nilisahau kabisa kwamba nilikuwa najaribu kitu.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake hofu imeongezeka. Ile raha ilitoka kwenye mchezo wangu, au waliileta wao wenyewe? Kama waliileta wao, basi nilichotengeneza ni mkeka wa kukalia tu. Na Mama Hadija siwezi kumfunga ndani ya kila boksi.

Nimewaza mpaka kichwa kikaniuma. Watu wa nyumba hii uchokozi wanao tele, walichokosa ni ruhusa. Yusufu hakukosa hamu ya ile chumvi, nilimwona anavyoitazama. Sasa nimeweka kanuni mpya: kabla ya safari, kila mchezaji anachagua mtani wake. Mtani wako peke yake ndiye anayekunyang'anya, na hagusi mzigo kabla hajakutania. Wewe kununa ni marufuku. Ile kanuni ya zamani niliyoipaka kwa rangi pembeni mwa ubao nimeikwangua kwa wembe. Hakuna aliyewahi kuijaribu hii mpya.

Nikiwa katikati ya kukwangua, Mama akaja kusimama mlangoni. Kuhusu mchezo wangu hajawahi kuniuliza hata neno moja, na kesho asubuhi ilikuwa aondoke.

"Safari nimeisogeza," akasema. "Yule Mzaramo bado ana majembe yangu."

Akaenda zake jikoni. Nilibaki na wembe mkononi, machozi yananilenga.

Kwa hiyo kesho Mama na Mama Hadija wana lao. Asha hayupo, anakwenda Kaliua, na Yusufu hachezi tena. Kwenye mkeka atabaki yule mgeni, na mimi. Mtani wake ni mimi. Nitakayemtania usoni na kumpokonya mizigo ndiye huyo huyo aliyeshika safari yangu yote.

Nilimweleza Yusufu. Akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Basi kesho na wewe una mama mkwe," akasema.

Sikucheka. Nimekaa hapa peke yangu mbele ya ubao, nafanya mazoezi ya kunyoosha mkono.