Vigawo vya Hasi Kumi na Mbili

Kwako mdogo wangu, Mwalimu mzima,

Sisi wazima. Cherehani yangu imepona, na mama anakuulizia kila siku.

Nimeliona daftari la mpwa wako. Ulitaka vigawo viwili ambavyo ukivizidisha unapata hasi kumi na mbili. Binti yangu akaandika tatu na hasi nne. Ukamkosesha kwa wino mwekundu, ukaandika hasi tatu na hasi nne. Hivi wewe, hasi mara hasi si chanya? Hizo zako zinakupa kumi na mbili kavu, haina hasi hata ya dawa! Mtoto alipokuonyesha, ukamtoa nje: "Kamuulize mama yako fundi nguo, bingwa wa hesabu."

Ameniuliza, nimemjibu. Ila sijamwambia kwamba baba aliposema mmoja wetu aache shule, niliacha mimi ili wewe uendelee. Wala sijamwambia hesabu zako ulikuwa unanakili kwa nani.

Kesho mrudishe darasani, ujisahihishe mbele ya wenzake. Ukikwama, daftari langu la zamani bado ninalo. Njoo unakili.

Dada yako,
Fundi nguo