Mashuka ya Newala

Masasi, 4 Agosti 1957

Wifi Stamili,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, umwambie miguu yake naiulizia kila siku. Mimi mzima. Kaka yako Lukmani kaandika kutoka Tanga, naye mzima, mkonge tu unamchoma mikono.

Jambo lililopo ni haya mafua. Wachuuzi wawili walioshuka kwenye lori la Lindi wamelala chumba changu cha mbele, wanatetemeka mpaka kitanda kinalia. Wageni wengine nawakatalia mlangoni, nao wananitukana. Wewe mwenyewe una nyumba ya wageni, unajua matusi ya mtu aliyechoka safari.

Mwenye barua hii ni Dominika, mshonaji wa Lulindi, mtu wangu wa siku nyingi. Anakuja huko kushona nguo za watoto watakaotoka jandoni. Kwangu kalala usiku mmoja tu na hana hata kikohozi, ila sitaki alale tena karibu na wagonjwa. Ukiona vema mpokee. Ukiwa na shaka mrudishe, sitanuna.

Mimi wifi yako,
Sikudhani


Newala, 10 Agosti 1957

Wifi yangu Sikudhani,

Marahaba. Sisi tunajikongoja. Uliniambia Dominika hana kikohozi. Siku ya pili alikuwa nacho cha kututosha nyumba nzima. Kweli kaka yangu alioa mwanamke mkarimu, anagawa mpaka homa.

Nakutania, lakini nina hofu na Mama. Unayajua maji ya huku kwetu: tunashuka bondeni alfajiri, tunapanda na debe kichwani jua limekwisha kuwa kali. Basi Mama anachukua maji yake ya kuoga, anamkanda nayo Dominika usoni. Nikimkataza, ananiuliza kama mama yake Dominika yuko hapa.

Swalehe wa lori anakuletea mashuka kama kawaida yetu. Ya Dominika nimeyafunga mbali, kwenye kaniki. Wewe una kisima karibu, yafue. Mimi maji ya kunywa yenyewe nayapima.

Wifi yako,
Stamili


Masasi, 14 Agosti 1957

Wifi Stamili,

Shikamoo, na pole na mgonjwa. Mama anaendeleaje? Niambie kweli, usinifiche.

Mashuka yamefika. Nimeyaloweka na kuyachemsha kwa mikono yangu, maana msichana wa kufua kakimbilia kwao Chiungutwa. Wachuuzi wale wamepata nafuu, wameondoka. Jumbe kapita akaniambia nisilaze mtu mpaka ugonjwa utulie, basi nimefunga. Nyumba imenyamaza mpaka nasikia panya wakipita.

Kwa kuwa sina mgeni, Ijumaa nitapanda na lori nije tumtazame Mama pamoja. Kichwa kinaniuma tangu jana, nadhani ni moshi wa kuchemshia mashuka.

Wifi yako,
Sikudhani


Newala, 21 Agosti 1957

Sikudhani,

Sikuulizi hali.

Mama tumemzika Jumapili. Uliandika Ijumaa utakuja. Siku ile Mama aliuliza mara nyingi kama lori limefika, na lilipofika hukuwamo. Alipokufa nikamtuma Swalehe akuambie. Kagonga, mlango umefungwa, hakuna aliyeitika.

Watu wamekaa matanga wakiniuliza mke wa Lukmani yuko wapi. Ulinipandishia ugonjwa, kisha ukanifungia mlango.

Usinitumie mtu tena. Mashuka yangu mpe Swalehe.

Stamili


Newala, 27 Agosti 1957

Wifi yangu Sikudhani,

Hujambo? Nakuuliza, na nataka kujibiwa.

Swalehe alipokwenda kuchukua mashuka alizunguka uani. Kayakuta bado yako kambani, vumbi jekundu limeyajaa, na jirani yako anakupitishia uji dirishani. Ameniambia huwezi hata kukaa, na kwamba siku ile alipogonga ulikuwa mumo humo ndani, sauti haikutoka. Nilikuwa natwanga. Niliuacha mchi nikakaa chini nikalia.

Wewe ulinipandishia mtu uliyemwona mzima, hukujua. Mimi nilikushushia mashuka ya mgonjwa, na nilijua. Nisamehe, wifi yangu.

Na kuna jambo sikukuandikia. Siku ile Dominika alipofika, niliisoma barua yako nimesimama mlangoni nikataka kumrudisha. Mama akaniambia kutoka ndani, "Katumwa na Sikudhani. Mfungulie."

Mwenye barua hii ni Dominika. Kaugua akapona, homa haina haja naye tena. Ndiye aliyekata sanda ya Mama. Sikumwomba aje kwako, kajitolea mwenyewe, kaacha nguo za jando hazijaisha. Atakupikia, atakuogesha. Ni mtu wangu. Mpokee.

Wifi yako,
Stamili


Newala, 24 Septemba 1957

Wifi Stamili,

Shikamoo. Mimi sijambo sasa. Dominika kanilisha uji na mboga mpaka nimechoka kutafuna, na alipoona natembea mpaka kisimani bila kushika ukuta, kasema basi, anarudi kwenye cherehani yake.

Barua yako ya matanga alinisomea jirani nikiwa kitandani. Sikuwa na nguvu ya kukaa, nilimlilia Mama nimeugeukia ukuta. Hasira yako sikuiwekea kinyongo. Lililoniuma ni kwamba aliulizia lori.

Nyumba nimeifungua madirisha yote. Wageni hawajarudi, lakini korosho zikianza kuanguka watakuja. Mashuka yako nimeyafua upya, Swalehe anayashusha sasa hivi kutoka kwenye lori. Arobaini ya Mama sitaki kusimuliwa na watu.

Maneno haya ningeweza kukuambia kwa mdomo, maana unayasoma nami niko hapa nje nakutazama. Lakini mtu wa Masasi haingii nyumba yako bila barua.

Mwenye barua hii ni mimi. Nipokee.

Wifi yako,
Sikudhani